Mkono Usioshika Mrija

Koplo Protus alikiviringisha kidole gumba cha yule mama kwenye karatasi kwa mara ya tano, na kwa mara ya tano karatasi ikatoa doa jeusi tupu, kama mahali mtu alipozima sigara.

"Mama, legeza mkono. Usinisaidie. Ukinisaidia unaharibu."

"Sikusaidii, mwanangu," Akwii alijibu. "Mkono nimeuacha kitambo. Ni wako sasa."

Inspekta Zilpa Oduori alikuwa dirishani, mgongo kwao, akitazama mvua. Ilikuwa imenyesha tangu alfajiri juu ya foleni ya malori, foleni iliyoanzia lango la mpaka la Malaba na kurudi nyuma hadi jicho likachoka. Madereva walikuwa wamelala kwenye vichwa vya malori yao. Barabara nzima ilinuka dizeli na matope.

Ilikuwa Jumanne. Jumapili jioni, nyumbani kwa huyu Akwii, wanaume saba walikizunguka chungu kimoja cha ajon, pombe ya wimbi ya Wateso, kila mmoja na mrija wake mrefu. Sita walirudi makwao kwa miguu yao. Wa saba, mzee aliyeitwa Ejoku, alianguka ubavu kabla chungu hakijaongezwa maji moto mara ya pili. Daktari wa mochari alisema ni dawa ya kupe, ile wanayoogeshea ng'ombe.

Pombe ni ya Akwii, chungu ni cha Akwii, basi kwa watu wa mtaa kesi ilikuwa imekwisha. Jumatatu vijana walivunja vyungu vyake vyote, wakaapa kwamba nyumba itafuata. Mkubwa wa kituo naye alikuwa ametoa amri: kesho saa tatu asubuhi mama huyu asimame mbele ya hakimu kwa shtaka la kuua.

Zilpa alikuja mezani, akaushika mkono wa Akwii, akaugeuza kwenye mwanga. Ncha za vidole zilikuwa laini, zimeng'aa kama kokoto la mtoni.

"Mama, vidole hivi umevifanya nini?"

"Wimbi, mwanangu. Miaka arobaini nakaanga unga uliochacha juu ya bati. Moto chini, mkono juu. Mwiko haujui kama unga umeiva, mkono ndio unajua." Akavitazama vidole vyake kama vya mtu mwingine. "Walipokuja kuandikisha watu na mashine, ilinikataa. Kijana akaniambia, 'Mama, mashine inasema haupo.' Nikamwambia aiulize baba yake anakunywa kwa nani kila Jumamosi."

Protus alicheka, kisha akakumbuka yuko kazini.

"Umekula?" Zilpa aliuliza.

"Wameleta ugali. Nimeuangalia tu."

Alipokwisha kurudishwa seli, Protus alifungua kabati la chuma, akatoa kitu kilichofungwa kwenye karatasi ya kaki. Ulikuwa mrija wa Ejoku. Ni bua la mmea wa porini lenye uwazi ndani, urefu wa mtu na nusu, na chini kuna kichujio kilichosukwa. Lakini Ejoku alikuwa fundi wa malori ujana wake wote, na upande wa mdomo aliuvalisha kipande cha bomba la shaba, shubiri mbili hivi. Ndani ya mrija huo, juu ya kichujio, ndimo sumu ilimopatikana, nzito kama mafuta, imenata kwenye bua. Chunguni hamkuwa na hata tone. Ndiyo sababu wale sita walikuwa hai.

Protus alikuwa ameipiga shaba ile unga mweusi kwa brashi tangu jana, na alama zikaibuka. Za kwanza zilikuwa za mkono wa kulia wa marehemu mwenyewe, alizozilinganisha na vidole vyake kule mochari. Za pili zilikuwa za mkono wa kushoto, wa mtu asiyejulikana. Vidole vinne vimezunguka upande huu, gumba upande ule, na gumba lenyewe lina mstari mweupe ulioikata michirizi yake mshazari. Kovu.

"Mama hana michirizi hata ya dawa," Protus alisema. "Hizi si zake."

"Hizi si zake," Zilpa alikubali. "Na habari ya mkono wa kushoto haitoki chumba hiki. Hata kwa mkubwa usiitaje."

"Hata kwa mkubwa?"

"Yeye ndiye wa kwanza usiyemwambia. Ana simu tatu."

Mkubwa wa kituo aliwasikiliza akiwa anatafuta chaja. Alama za mtu mwingine, alisema, hazimtoi sumu mikononi yule mama. Mrija hushikwa na watu. "Niletee mtu, inspekta. Usiniletee kidole. Hakimu hawezi kufunga kidole."

"Nipe hadi jioni."

"Jioni ni saa kumi na mbili. Saa kumi na mbili na dakika moja naandika karatasi ya mashtaka."

*

Otukei alikuwa mmoja wa wale sita. Walimkuta kwenye kibanda cha chai nyuma ya foleni ya malori, amevaa koti la mvua la mtoto wake, anakunywa chai kwa uso wa mtu anayemeza dawa.

"Madam, ona walivyonifanya," alisema. "Siku mbili nakunywa maji ya majani kama mbuzi. Akwii akifungwa sisi tutakufa wima."

"Mzee, nifundishe," Zilpa alisema, akaketi kwenye benchi. "Mimi ni wa Butula. Sijawahi kukaa kwenye chungu chenu."

"Najua wa Butula. Nyinyi mnakunywa busaa kwa kikombe, haraka haraka, kama watu wanaofukuzwa." Akaweka chai chini, akainua mrija usiokuwepo. "Chungu kina sheria. Hupulizi mapovu. Hupigi chafya, ukisikia inakuja, unatoa mdomo na kugeuka. Huchungulii ndani kama umepoteza ng'ombe. Na mrija unashikwa na mkono huu." Alitikisa wa kulia. "Huu mwingine una kazi zake, na zote ziko nyuma ya nyumba. Mtu akishika mrija na kushoto, chungu kizima kinasimama, anatozwa faini."

Protus alikohoa. Zilpa hakumtazama.

"Na mtu anaweza kushika mrija wa mwenzake?"

"Utashika mswaki wa mwenzako? Kwanza wa Ejoku! Ile shaba aliipenda kuliko watu. Kila siku akishakula mchana anakaa mlangoni pake, anaisugua na jivu na limau mpaka iko kama meno ya padri. Anauegemeza ukutani ukauke, analala kidogo. Akiamka anautia kwenye ala yake ya mwanzi, anakuja. Hata Jumapili ulikuja unawaka."

Zilpa aliandika hilo polepole. Shaba iliyosuguliwa Jumapili mchana haikuweza kubaki na alama ya Jumamosi. Kila kidole kisicho cha mzee kilichoonekana pale kiliwekwa baada ya jivu na limau, kabla mzee hajavuta funda lake la kwanza.

"Alipofika kwa Akwii, kuna wakati aliuacha?"

Otukei alifikiri. "Mara moja. Alikwenda haja kabla chungu hakijafunguliwa. Aliuegemeza ukutani, karibu na Olinga."

"Olinga nani?"

"Jirani yake. Wamegombania mpaka wa shamba miaka tisa. Huyo ndiye tuliyemfundisha sheria ya mkono kwa taabu, maana alizaliwa wa shoto, na kushoto kwake hakusikii. Akisahau kidogo tu, uko kwenye mrija! Ametutajirisha na faini."

"Na Ejoku, alikuwa na shida na nani mwingine?"

"Mtu aliyekufa hana shida na mtu, madam." Otukei alichukua chai yake tena. Kisha, bila kuinua macho, "Alikuwa amempa tajiri mmoja kile kiwanja chake cha barabarani. Cha kuegesha malori. Trekta inakuja Alhamisi. Wazee tulimwambia pale kuna makaburi ya watoto wake wawili. Akasema wafu hawalipi ada ya maegesho."

*

Olinga aliletwa saa nane, na aliingia akiwa anapiga kelele.

"Nilijua! Ng'ombe ikikatika mkia huku Malaba, ni Olinga! Mvua ikikataa, Olinga!"

"Kaa chini, mzee."

"Sikai. Nikikaa mtasema nimekubali."

"Basi simama, lakini nipe mikono. Yote miwili."

Alitoa wa kulia kwanza, akimwangalia koplo kwa jicho kali. Protus alianza na huo, kidole baada ya kidole, kisha akahamia wa kushoto. Zilpa aliuliza maswali yake wakati huohuo, kwa sauti ya mtu anayeuliza bei ya nyanya.

"Jumapili, Ejoku alipotoka nje, mrija ulikuwa karibu nawe?"

"Ulikuwa karibu na ukuta. Hata mimi nilikuwa karibu na ukuta."

"Uliushika?"

"Mimi? Madam, mimi nashika wangu kwa woga. Niguse na wa mtu?"

"Nyumbani una dawa ya kupe?"

"Nani hana? Hata padri ana ng'ombe."

Protus alipeleka karatasi chini ya taa yenye kioo cha kukuza. Alikaa hapo muda. Olinga alinyoosha shingo kutazama, na nje ikasikika mvua, na honi ya lori moja iliyolia bila sababu.

"Si yeye," Protus alisema. "Gumba lake la kushoto ni duara, kama maji yanavyozunguka kwenye shimo. La kwenye shaba ni kitanzi, linaingia na kurudi lilikotoka. Na huyu hana kovu."

Olinga alikaa chini. "Sasa nakaa," alisema.

Alipokwenda zake, saa ya ukutani ilikuwa inaelekea tisa. Zilpa alilisoma daftari lake toka mwanzo. Alikuwa amemtafuta mtu wa shoto kwa sababu alama zilikuwa za kushoto, na mtu wa shoto alikuwa ametoka mlangoni sasa hivi anafuta wino kwenye suruali. Wanywaji wengine wote hawathubutu kugusa mrija kwa mkono huo.

"Wino umekauka," Protus alisema. Alitwaa kile kibati cha wino, akakiinua, akafungua chupa, akaanza kumimina taratibu.

"Usisonge!"

Koplo alishtuka, wino ukamrukia mkononi. "Nini, afande?"

"Kaa hivyo hivyo. Kibati umekishika na mkono gani?"

Protus aliangalia. "Kushoto."

"Kwa nini? Wewe ni wa shoto?"

"Hapana. Ni kwa sababu wa kulia..." Akasimama katikati ya neno.

"Wa kulia unamimina," Zilpa alisema. "Mtu hakushika mrija ule anywe, Protus. Alishika ajaze. Huyo ni mtu wa kulia kama mimi na wewe, na hata hakuwa na haja ya kufika kwenye chungu. Mzee alisugua mrija mlangoni kwake, akauegemeza ukutani, akalala."

Protus aliweka chupa chini. "Kwake kuna nani?"

"Mke wake. Beba kila kitu."

*

Nyumba ya Ejoku ilikuwa mwendo wa dakika ishirini kwa miguu kutoka kituoni, kando ya barabara kuu. Turubai la matanga lilikuwa limejaa maji tumboni. Wanawake sita walikaa chini yake kwenye mikeka wakimenya mihogo ya waombolezaji, na mbele yao, kati ya ua na lami, yalikuwepo makaburi mawili madogo ya saruji. Kuyazunguka, vigingi vipya vyenye rangi nyekundu vilikuwa vimepigwa mstari ulionyooka. Kimoja kilisimama kwenye kichwa cha kaburi la pili.

Ajiko, mke wa marehemu, alikaa mwisho wa mkeka. Alikuwa mwanamke mwembamba wa miaka hamsini na kitu. Kisu kilikuwa mkono wa kulia, muhogo mkono wa kushoto, na maganda yalianguka mapajani mwake marefu, bila kukatika.

"Yoga, mama," Zilpa alisema salamu ya Kiteso aliyoijua. "Pole na msiba."

"Yoga. Karibuni. Akiror, wape viti."

Akiror, dada wa marehemu, mnene na mwenye sauti, alileta viti viwili vya plastiki. "Mmeshamfunga yule mchawi wa vyungu?" aliuliza. "Ama bado mnamlisha?"

"Bado tunachunguza, mama."

"Chunguzeni. Sisi tunazika."

Zilpa aliongea na Ajiko kwa upole. Alimwambia shaba ya mrija ilikuwa na alama za vidole, na vidole vya mtu ni muhuri wake, Mungu hajapiga miwili inayofanana. Kwa hivyo wanachukua alama za watu wote wa nyumba, ili wajue zipi ni za nyumbani na zipi ni za nje. Huo ndio utaratibu. Hakusema zaidi ya hapo.

Ajiko alisikiliza huku anamenya. "Na Akwii?" aliuliza. "Yuko wapi?"

"Kwenye seli yetu."

"Tangu Jumapili?"

"Tangu Jumapili. Kesho saa tatu anapelekwa kortini. Vyungu vyake vimevunjwa."

"Anakula?"

"Anaangalia tu."

Ganda lilikatika. Ajiko alilitazama, kisha akaweka kisu chini. Protus alikuwa amepiga goti mbele yake, kibati cha wino juu ya kiti, karatasi imenyooshwa.

"Nipe mkono, mama," alisema.

Ajiko alijifuta viganja kwenye leso, taratibu, kidole kwa kidole. Akamnyooshea mkono wa kushoto.

Wanawake waliacha kumenya.

"Ajiko!" Akiror alimaka. "Mgeni anapewa mkono huo? Msiba umekutoa akili?"

"Mwache," Ajiko alisema. "Huu ndio wanautaka."

Zilpa aliinama hadi macho yao yakawa sawa. "Mama, nani amekuambia tunataka wa kushoto?"

Mvua ilijaza turubai kidogo zaidi, na upande mmoja ukamwaga. Kwenye gumba lile lililonyooshwa kulikuwa na alama ya kisu cha zamani, nyeupe, imelala mshazari. Kila mwanamke pale mkekani alikuwa na yake, kila mmoja mahali pake.

"Hakuna aliyeniambia," Ajiko alisema. "Huu ndio ulioshika. Wa kulia ulikuwa na chupa."

Akiror aliketi chini kwenye mkeka, juu ya maganda.

"Nilimwambia awaache watoto," Ajiko aliendelea, kwa sauti ileile ya kukaribisha wageni. "Nilimwambia auze hata nyumba, tulale nje, lakini awaache pale. Akaniambia watoto hawasikii kelele za malori. Halafu akasugua mrija wake, akalala." Aliangalia vigingi. "Pombe inaua mtu kila mwaka hapa. Watu wanasema, ni pombe, wanazika, wanasahau. Sikujua safari hii watamshika mtu. Tangu jana nangoja aje mtu aniombe mkono."

Protus alimtazama bosi wake. Zilpa aliitikia kwa kichwa. Koplo akakipaka wino kidole kile, akakiviringisha karatasini, ukucha hadi ukucha. Kitanzi kilitokea, kinaingia na kurudi kilikotoka, na katikati yake mstari mweupe.

"Trekta," Ajiko alisema alipoinuka. "Itakuja tu?"

Zilpa alijua jibu. Mume amekufa, mke anakwenda jela, na ndugu wa mume ndio watakaoulizwa. Alimfunika yule mama koti lake la mvua, wakaanza kutembea.

*

Saa kumi na moja na nusu mkubwa wa kituo alisoma maelezo, akasoma karatasi mbili za alama zikiwa zimewekwa sambamba, akasaini. "Umeniletea mtu," alisema. Zilpa alichukua karatasi, akatoka.

Kwenye dawati la mbele, Akwii alikuwa anarudishiwa vitu vyake: leso moja, kandambili, kitambaa cha kichwa. Alisimama akivitazama kana kwamba vilikuwa vingi mno kuvibeba hadi kwenye nyumba isiyo na chungu hata kimoja. Wakati huohuo Protus alimtoa Ajiko kwenye chumba cha kuandikia maelezo, matope hadi magotini, koti la inspekta mabegani.

Wanawake hao wawili walijuana tangu walipoolewa. Walitazamana. Ajiko ndiye aliyeshusha macho.

Akwii alivaa kandambili zake. Kisha akaichukua leso yake pale mezani, akamwekea Ajiko mikononi.

"Huko chini kuna baridi," alisema. "Ugali wakileta, kula. Mimi sikula na hakuna aliyejali."

Ajiko alipelekwa ndani. Mlango wa chuma ulisikika.

Polisi wa zamu alisukuma daftari mbele. "Weka kidole hapa, mama, kwamba umepokea vitu vyako."

Akwii alichovya gumba, akalikandamiza. Polisi akaligeuza daftari, akakunja uso.

"Inspekta, hii haina kitu. Ni doa tu. Nitaandikaje kwamba ni yeye?"

Zilpa aliliangalia lile doa, jeusi na laini, halina mstari hata mmoja.

"Andika jina lake mbele yake," alisema. "Ni yeye."